Almasi Ndogo ya Wifi

4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvuke. Mimi ni mzima. Miguu ndiyo inayolalamika, lakini mtu anayesimama mchana kutwa kati ya mashine za kufulia hawezi kutegemea miguu inyamaze. Hoteli mbili mpya zimetuletea shuka zao, na wasichana wa meza ya pasi wanasema siku hizi wakifumba macho wanaona weupe mtupu. Mwanangu yuko chuoni, hupiga simu akikumbuka kwamba ana mama. Shemeji yako yuko kazini, mbali, kama kawaida. Mama anaendeleaje na goti? Ile dawa ya kuchua nimeipata, nitaituma na mtu. Asichue na kupanda ngazi siku hiyo hiyo. Namjua.

Utashangaa kupata barua badala ya ujumbe. Simu yako pale nyumbani ni kama kopo la sukari, kila mtu anachota, na ninachotaka kukuuliza kinamhusu kaka.

Alinipigia juzi. Mwanzo akazunguka, akauliza hali ya hewa, akauliza mashine zangu, nikajua ana neno. Mwisho akasema alikupeleka kwa sonara uchague pete mpya, yenye almasi ya kuonekana, maana sasa ni mpima ardhi mkuu na mambo yamenyooka. Anasema ulikaa kwenye kiti, ukazijaribu zote, ukazisifia moja moja, kisha ukavua ile ya siku zote ukamwomba sonara aisafishe. "Dada, nilimwambia achague yoyote," akasema. "Akachagua yake."

Alitaka nikuulize kwa ujanja, kama mazungumzo ya wanawake, usijue ametumwa mtu. Mimi na ujanja hatujawahi kukutana, kwa hiyo nakuuliza waziwazi: kwa nini?

Usidhani nina ugomvi na pete yako. Ni udadisi tu, na unanijua, nikishaanza kujiuliza jambo silali vizuri. Mimi hii niliyonayo ni ya tatu. Kila shemeji yako anapofika hatua mpya tunabadilisha, na kila tukibadilisha jiwe linakua. Kazini naivua na kuibana kwa pini ndani ya blauzi, maana sabuni na vito havipatani, na nashinda nikijipapasa kifua kama mtu aliyesahau funguo. Lakini nikienda kwenye mkutano na wenye hoteli naivaa, na naona macho yao yanavyotua kidoleni kabla ya kufika usoni. Kitu hicho kina kazi yake.

Sasa niambie. Huitaki kweli, au unaogopa kuipoteza, au kuna jambo kati yenu?

Wifi yako wa kwenye mvuke.

27 Februari

Wifi,

Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya sabuni, Mama akainusa kabla ya kunipa, akasema, "Huyu anafanya kazi sana." Goti lake lina siku nzuri na siku za hasira. Dawa imefika. Alichua, na siku hiyo hiyo akapanda ngazi kwenda kuanika soksi. Kaka yako hajambo, amenenepa kidogo upande wa mbele. Mimi nina darasa jipya la watoto wadogo, wale ambao wamefika shuleni bila lugha yoyote. Hawasikii, na nyumbani hakuna aliyewafundisha kuongea kwa mikono, kwa hiyo wiki za kwanza ni kuvutana nguo na kunyoosha vidole.

Nimecheka kujua nimechunguzwa. Nitakujibu.

Sijui kama nimewahi kukueleza kwamba kwetu shuleni kila mtu ana jina la mikono. Hatutamki herufi za jina lako siku nzima, tungechoka. Watoto wanakutazama, wanachagua kitu kimoja ulicho nacho, na hicho ndicho unaitwa. Mwalimu mkuu ni nyusi. Mpishi ni namna anavyovuta pumzi kabla ya kuinua sufuria. Mimi wanagusa kidole cha pete, halafu wanafumba na kufumbua ncha za vidole viwili, upesi, kama kitu kidogo kinachomemeta.

Nilipofika pale sikuwa najua kama kijiwe hiki kinaonekana na mtu yeyote. Lakini mtoto anayeishi kwa macho anaona. Ninapofundisha mikono yangu iko hewani, mwanga wa dirishani unapita, wao wanakiona kabla hata hawajaelewa ninachosema. Wiki jana nilileta lenzi ya kukuzia, wakapanga mstari kukitazama. Mmoja alikitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena, kisha akaniuliza kama kiko hai.

Nikivaa jiwe kubwa nitakuwa nani? Ndiyo sababu ya kwanza.

Na mimi nina udadisi wangu. Siku ya harusi yetu ulikuwa na pete iliyochongwa kama jani, na kijiwe kimoja kilichokaa penye kikonyo. Nilikuwa bibi harusi, ilinipasa nitazame mambo mengine, lakini niliitazama hiyo. Iko wapi? Kama hutaki kujibu, ruka mstari huu, sitahesabu kwamba umekosa adabu.

Mwalimu wako.

2 Aprili

Wifi mpendwa,

Nisamehe kwa kukawia. Mashine moja kubwa ilipasuka mpira, tukaogelea, kisha fundi akaja akasema kipuri kinatoka nje, kisha kikaja kipuri kisicho chake. Nimezeeka mwezi huu. Mwanangu amefaulu mtihani wake na sasa anazungumza nami kama profesa. Nafurahi goti la Mama linapumzika, hata kama mwenyewe hapumziki.

Hilo la jina la mikono nimewasimulia wasichana wa pasi. Tangu hapo wanaitana kwa ishara juu ya kelele za mashine, na kusema kweli kazi inakwenda vizuri zaidi. Mimi wamenipa jina. Hawataki kunionyesha.

Nikupe kisa cha huku, maana nacho ni cha pete. Unajua kwenye shuka za hoteli tunaokota kila kitu: soksi, meno ya bandia, na mara moja mjusi. Mwezi uliopita tuliokota pete mbili katika wiki moja. Moja nyembamba kama uzi, nyingine ina jiwe ambalo mtu angeweza kulibania karatasi zisipeperuke. Hoteli ikawatafuta wenyewe, wote wawili wakaja. Nilisogea karibu kwa makusudi. Nilikuwa na wewe kichwani, nikajiambia, leo nitaona mwenye kidogo anavyolia na mwenye kikubwa anavyopokea tu. Wifi, wote walilia. Yule wa jiwe kubwa alilia zaidi, akaketi juu ya kapu la foronya, ikabidi aletewe maji. Kwa hiyo usiniletee zile hadithi kwamba kikubwa hakipendwi. Kinapendwa.

Kwa sababu hiyo, jibu lako la watoto ni zuri lakini halijanitosha. Watoto wangekupa jina lingine, ungelizoea. Na umesema "sababu ya kwanza". Ya pili ni ipi?

Tena nina swali ambalo nimelizungusha kinywani siku nyingi. Kaka yangu amefanya nini? Wanaume hawaamki tu wakawaza almasi. Pete yangu ya pili ilikuja baada ya ule mwaka shemeji yako aliokuwa analala kwenye eneo la ujenzi hata siku za mapumziko. Ya tatu ilikuja baada ya... Basi, tuyaache. Nasema tu kwamba mkono unaotoa kikubwa, mara nyingine ule mwingine umefichwa mgongoni. Mtazame vizuri.

Wifi yako akupendaye.

20 Aprili

Wifi,

Hatujambo. Mama anakusalimu.

Umenitia mdudu sikioni. Mimi ni mtu ninayeshinda nikisoma nyuso na mikono ya watu, ndiyo kazi yangu, lakini mume wangu sikuwahi kumsoma kwa mashaka. Sasa namsoma. Kila Alhamisi hufika giza limeshaingia. Nikimuuliza anasema kazi. Zamani akisema kazi anaendelea kueleza mpaka nisinzie, shamba la fulani, jiwe la mpaka lililosogezwa, nani kamtishia nani kwa jembe. Sasa anasema "kazi" anaishia hapo, anafungua bomba ananawa.

Jana nilimuuliza Mama, kwa kuzungukazunguka, kama anaona mabadiliko yoyote. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mwanangu namjua mpaka mlangoni. Akishatoka ni mtu wa watu."

Sijamuuliza mwenyewe. Nalala upande wangu nikiitazama pete hii, na kwa mara ya kwanza naiona ndogo.

Hukunijibu kuhusu lile jani.

29 Aprili

Wifi yangu,

Nimepokea barua yako mchana, naandika jioni hii hii. Salamu utaziweka mwenyewe mwanzoni.

Niliandika habari za nyumba yangu, nikazipeleka kwenye anwani yako. Sasa nitasema ya kwangu ili uweze kuyatofautisha.

Shemeji yako hayuko kazini mbali. Yuko mji huu huu, mitaa michache kutoka hapa, anaishi na mwanamke mwingine tangu mwaka jana. Mtoto anajua, niliona si haki asijue. Mama hajui, kaka hajui. Kila mkiniuliza nimekuwa nikisema "yuko kazini", na kila nikisema inakuwa rahisi kidogo. Mpaka mara nyingine jioni naweka sahani mbili, sijui namwekea nani.

Pete ya tatu aliniletea Jumapili. Akanivisha mwenyewe, mezani, mbele ya jirani. Jumatatu nikaenda nayo kazini kuwaonyesha wasichana, wakaipitisha mkono kwa mkono, wakashangilia. Ijumaa yake akachukua sanduku lake la nguo. Unaelewa? Pete ilikuja kabla ya habari. Ndiyo maana kaka aliponipigia na furaha yake ya almasi, mimi nilisikia mlango unafungwa.

Uliuliza lile jani. Sonara alilichukua tulipobadilisha mara ya kwanza, ndivyo inavyokuwa, unarudisha ya zamani unaongezewa. Sikuliwaza tena. Ulipoliuliza nilikasirika, ndiyo sababu nilichelewa kujibu, ule mpira wa mashine ulitengenezwa siku mbili tu. Kisha nikaenda dukani kwake. Alinieleza kwa upole kwamba dhahabu ya zamani huyeyushwa pamoja, na vijiwe vidogo hukaa kwenye chupa hadi vipate kazi. Akanishushia chupa kutoka kwenye rafu. Vilikuwa vingi, wifi, vimelaliana kama chumvi, na vyote vilikuwa vinafanana. Nilivitazama mpaka akaniuliza kama natafuta ukubwa fulani. Nikamwambia hapana, natazama tu.

Muulize mumeo kwa mdomo wako. Mimi nilikuwa mdadisi wa mambo ya watu wote isipokuwa ya nyumbani kwangu. Usiwe hivyo.

Wifi yako.

6 Juni

Wifi yangu wa pekee,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama uani, nikakaa chini, nikaisoma tena. Sijamwambia mtu. Ni yako, utaisema wewe. Lakini ujue kila sahani ninayoweka sasa hapa mezani nakukumbuka, na nimechukia kwamba ulikuwa unaweka zako peke yako. Mama hajambo, ameanza kumfundisha jirani namna ya kuchua goti, jirani hana maumivu yoyote. Mwanao alinitumia picha ya matokeo yake, nikamjibu kwa herufi kubwa.

Nilimuuliza. Ilikuwa Jumamosi, ametandaza ramani mezani na kuzibana pembe zake kwa vikombe. Nikaketi mbele yake.

"Alhamisi huwa unakwenda wapi?"

Hakuinua kichwa. "Kazini."

"Kazini mlango unafungwa saa kumi. Nimepita."

Hapo akainua. Nilimtazama mpaka akaanza kujikagua vifungo vya shati. Akanyanyuka, akaenda chumbani, nikasikia anasogeza kitu juu ya kabati. Nilifikiria mambo yote uliyoyaandika na mengine ambayo hukuyaandika. Akarudi na furushi la michoro. Viwanja vya watu, amevichora kwa mkono wake. Kila Alhamisi huazima meza ya rafiki yake mchoraji na kufanya kazi za pembeni, ili ile pete isitoke kwenye fungu la nyumba.

"Kuna lingine?" nikamuuliza.

"Hakuna lingine. Kwani hilo halitoshi?"

"Mimi nilikwambia siitaki."

Akawa anazungusha kikombe juu ya pembe ya ramani. Halafu akasema, "Ulicheka."

Sikumwelewa. Ikabidi anikumbushe. Mwisho wa mwaka ofisi yao ilimuaga bosi mstaafu, tukaenda. Mke wa bosi mpya alinishika mkono, akaugeuza, akauliza, "Jiwe liko wapi, limedondoka?" Watu wakacheka. Mimi nikamjibu, "Lipo, ila lina haya mbele ya wageni." Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani mbili.

"Nilicheka kwa sababu nilisema jambo la kuchekesha," nikamwambia.

"Nilidhani unanifichia aibu. Usiku ule nikahesabu miaka yote uliyoivaa, nikasema, kumbe mke wangu ananivumilia."

Wifi, nilitaka kumjibu upesi nikashindwa, kwa sababu niliona jinsi alivyofika hapo. Anayevumilia halalamiki, na aliyeridhika halalamiki. Mtu aliye kando atawatofautishaje? Mimi niliridhika, lakini sikuwahi kulisema. Nilidhani linaonekana lenyewe.

Basi nikamwambia ile sababu ya pili, uliyoniuliza nikakwepa. Nilikwepa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajaisikia, na haikuwa sawa wewe uisikie kwanza. Siku aliponipa pete hii kazi yake ilikuwa kushika fimbo ya kupimia kwenye mashamba ya watu, wenzake wanatazama kwenye darubini, yeye amesimama juani kama mti. Alikuja na viatu vyenye udongo, pete ameifunga kwenye kipande cha karatasi ya ramani. Akasema, "Ni ndogo lakini ni ya kweli." Hakutabasamu, alikuwa anaogopa. Mimi nilijua anasema habari za pete na habari zake mwenyewe kwa pamoja, nikasema ndiyo kwa zote mbili. Kwangu swali lile lilijibiwa siku ile. Nikiivua nikavaa nyingine nitakuwa kama mtu anayeliuliza upya, na mimi sina shaka na jibu nililopata.

Alisikiliza. Kisha akasema, "Udongo ule ulikuwa wa mfinyanzi. Haukutoka kwenye vile viatu." Ndiyo maneno aliyoyapata. Akakunja ramani ovyo ovyo, yeye ambaye hukunja ramani kama wewe unavyokunja shuka, akatoka uani, akakaa huko na Mama mpaka nikawaita kula.

Michoro atawamalizia wenye viwanja, ameshaahidi. Amemwambia sonara asimwekee tena ile nyingine. Mimi nimejifunza kusema. Juzi alipovua viatu mlangoni nikamwambia, "Nimeridhika leo." Akaniuliza kama naumwa.

Sasa wewe. Sikuulizi utafanya nini. Nauliza tu, mkono wako haujambo?

Mwalimu wako.

11 Julai

Wifi mpenzi,

Salamu kwenu wote. Huku baridi imeingia, wasichana wanagombea meza iliyo karibu na pasi kubwa. Mashine zote ziko hai. Mwanangu yuko likizo, amelala chumba cha pili, analala kama analipwa.

Barua yako niliisoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Nilimwonea kaka huruma, nikacheka pale pa mfinyanzi, kisha nikalia kidogo, si kwa wivu.

Jumapili iliyopita shemeji yako alikuja. Alibisha hodi kwenye mlango ambao yeye ndiye alipaka rangi. Nikamkaribisha, akakaa kwenye kiti cha wageni, sijui kama alichagua au ilitokea tu. Akatoa kiboksi kidogo mfukoni akakiweka mezani. Nikampa chai.

"Fungua," akasema.

"Leo tuanze na maneno."

"Maneno gani?"

"Yoyote, alimradi ni ya kweli."

Akakisogeza kile kiboksi karibu yangu. "Hii ni kubwa kuliko zote."

"Nimesikia. Sema lingine."

Akaanza. Akazungumza habari za barabara anayoijenga, wasimamizi wasumbufu, mgongo wake unaouma. Akasema nyumba anayokaa ina kelele. Nilingoja. Nilijua angekuja siku moja, na nilikuwa nimejiandalia hasira, lakini haikuja. Nilikuwa namtazama kama ninavyotazama doa kwenye shuka: ni la nini, limekaa muda gani, litatoka kwa maji ya moto au halitatoka. Mengi hutoka, wifi. Hili niliona limeshakuwa sehemu ya kitambaa. Alikunywa chai yote, na katika maneno yote hayo hakuna hata moja lililoniuliza nilikuwaje.

Nikavua pete ya tatu. Ilikwama kwenye kiungo, nikailowesha kwa mate, ikatoka. Nikaiweka juu ya kile kiboksi nikavisukuma upande wake.

"Chukua vyote."

Akavitazama. "Na wewe utavaa nini?"

"Nitavaa mkono."

Alidhani natania. Nikamwonyesha, nikaunyoosha hivi juu ya meza, na mimi mwenyewe nikautazama. Una makovu ya pasi, kucha fupi, na pale kwenye kidole kuna alama ya mviringo, ngozi laini kama ya mtoto. Sikuwa nimeuona siku nyingi. Ni mkono mzuri, unafanana na wa Mama.

Akaondoka navyo. Ndani ya kile kiboksi sijui mlikuwa na nini, na sikutaka kujua.

Nitakuja shule yenu ikifunga. Usimwambie Mama, atapanda ngazi kutoa mablanketi. Ila mwambie kaka aje kunipokea yeye mwenyewe, kwa miguu, asilete gari la ofisi. Nataka njia iwe ndefu. Nitamwambia habari za shemeji yake kwa mdomo wangu, polepole, tukifika mlangoni niwe nimemaliza.

Wifi yako.